Kichwa Kikisahau, Daftari Likumbuke

Umeinuka kutoka kwenye sijda na hujui kama hii ni rakaa ya tatu au ya nne. Jana mchuzi uliutia chumvi mara mbili. Juzi hukuutia kabisa. Ulipokwenda kwa wakala kutoa pesa, namba ya siri uliyoizoea miaka yote ilikataa kuja, ukabahatisha mara tatu, huduma ikafungwa. Mkwe wako amekusalimu sokoni, ukaitikia kwa adabu zote, lakini jina lake limekurudia ukiwa umeshafika nyumbani na kuvua viatu.

Nywele zikidondoka kwa sababu ya dawa za saratani, kila mtu anaona na kila mtu anatoa pole. Kumbukumbu ikidondoka haionekani, na mwenyewe huificha. Kwetu kukumbuka ni sehemu ya heshima: kukumbuka majina ya watoto wa jirani, kukumbuka kwenda kuhani, kukumbuka nani alikuchangia harusi ili nawe umchangie yake. Anayesahau huonekana ana dharau, au amezeeka kabla ya siku zake, au hunong'onwa kwamba amechezewa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumweleza daktari habari zote za kutapika, vidonda vya mdomoni na ganzi ya vidole, kisha akatoka chumbani bila kutaja kwamba wiki hiyo alipotea njia ya kwenda kwake.

Wahenga waliwaonya wafanyabiashara kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali, na ushauri wote utakaousoma hapa unatoka kwenye methali hiyo. Usishindane na kichwa kilichochoka. Kipunguzie mzigo: uhamishie kwenye karatasi, kwenye ukuta, kwenye simu na kwa watu wanaokupenda.

Sinia limekuwa dogo

Kwanza tuondoe hofu. Kusahausahau na kushindwa kutuliza akili ni jambo linalowapata wagonjwa wengi wa saratani. Halimaanishi kwamba unarukwa na akili, na kwa kawaida halimaanishi kwamba saratani imepanda kichwani.

Sababu zake ni nyingi na hushikana mikono. Kemotherapi yenyewe, yaani kemo, inaweza kuleta hali hii. Mionzi nayo inaweza, hasa ikielekezwa kichwani. Vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni inayotumika kwa miaka 5 hadi 10 kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, vimo kwenye orodha. Wapo wanaoanza kusahau hata kabla ya dripu ya kwanza, kwa kuwa ugonjwa wenyewe na hofu ya majibu huuchosha ubongo. Halafu kuna wasaidizi wa tatizo: upungufu wa damu, dawa za kuzuia kutapika zinazoleta usingizi, dawa iitwayo deksamethasoni inayomfanya mtu akeshe macho makavu hadi alfajiri, mofini katika siku za mwanzo au kipimo kinapoongezwa, maumivu, sonona, na kwa wanawake, hedhi inayokatika ghafla na kuleta joto la usiku.

Ukijichunguza utagundua kwamba yale ya zamani hayajaguswa. Bado unajua kupika pilau, bado unakumbuka darasa la tatu ulikaa dawati moja na nani. Kinacholegea ni pale mlangoni, mahali habari mpya zinapopokelewa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu mzima mwenye afya hushika akilini mambo kama 7 hivi kwa wakati mmoja. Waliomfuata wakasema ni machache zaidi, yapata 4. Chukulia kwamba akili ina sinia la kubebea vitu vya sasa hivi. Wakati wa matibabu sinia hilo huwa dogo. Vikombe si vibovu, ila ukivirundika vyote kama ulivyozoea, kimoja lazima kianguke.

Kwa wengi hali hii ni nyepesi na hupungua taratibu miezi kadhaa baada ya matibabu kwisha. Kwa wengine hukaa mwaka au zaidi. Kwa vyovyote vile, kuna mengi ya kufanya leo.

Mpe daktari mifano

Ukisema "nasahau sana", daktari mwenye foleni ndefu anaweza kukujibu kwamba hata yeye anasahau. Mpe mifano yenye hesabu: "Wiki hii nimesahau dawa mara mbili, nimeunguza sufuria mara moja, na juzi nimeshindwa kusoma barua ya ukurasa mmoja hadi mwisho." Mweleze imeanza lini, siku zipi huzidi, na kama kuna dawa mpya uliyoanzishwa karibu na siku hizo.

Kisha uliza kama kuna sababu inayotibika. Wingi wa damu unaweza kupimwa, na vilevile sukari, chumvi za mwilini, tezi ya thairoidi na vitamini B12. Dawa za usingizi au za kichefuchefu huenda zikabadilishwa, na deksamethasoni huenda ikahamishiwa asubuhi. Sonona nayo ina tiba, na kuitaja si udhaifu wa imani. Usiache dawa yoyote ya saratani kwa uamuzi wako mwenyewe.

Peleka na dawa za mitishamba unazokunywa nyumbani, hata kama ni chupa iliyotoka kwa bibi kijijini. Baadhi ya mizizi na majani huingiliana na dawa za hospitali. Hata tunda la balungi huvuruga utendaji wa baadhi ya dawa. Na muuzaji akikwambia ana unga wa kurudisha kumbukumbu, tunza pesa yako: hadi leo hakuna kidonge wala unga uliothibitishwa kuwa tiba ya kawaida ya tatizo hili.

Hapa usisubiri kliniki

Kusahausahau huku tukuite ukungu wa akili. Ukungu wa kawaida huja polepole, ukapanda na kushuka. Ukiona mtu amechanganyikiwa ghafla, hajui yuko wapi, anazungumza maneno yasiyoeleweka, amepooza upande mmoja, ameanguka kifafa, haamshiki, au ana maumivu makali ya kichwa yasiyowahi kumpata, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Homa izungumzwe peke yake. Kwetu joto likipanda, mawazo ya kwanza huenda kwenye malaria na miguu huenda duka la dawa. Kwa aliye kwenye kemo hilo ni kosa linaloweza kugharimu maisha, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili zinaweza kuwa zimeshuka sana. Joto likifika nyuzi 38, mgonjwa aende hospitali usiku uleule, na akifika ataje mapema kwamba yuko kwenye kemo. Kutapika na kuharisha mfululizo nako hukausha maji na chumvi, na ubongo uliokauka huchanganyikiwa.

Daftari moja, kalamu moja

Sasa tuje kwenye daftari. Liwe moja tu. Ukiandika miadi nyuma ya risiti, namba ya daktari kwenye boksi la dawa na maswali kwenye simu, utakuwa umeongeza vitu vya kukumbuka, yaani uliandika wapi. Nunua daftari linaloingia kwenye mkoba, funga kalamu kwa uzi, na ukurasa wa kwanza uandike jina lako, aina ya saratani, dawa unazotumia, mzio ulio nao na namba za simu za watu wawili. Siku ukishindwa kujieleza, ukurasa huo utakusemea.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alikuta kwamba usahaulifu mkubwa hutokea mapema: ndani ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi ya kukariri ilikuwa imepotea. Basi usiseme utaandika ukifika nyumbani. Andika ukiwa bado kwenye kiti cha daktari, kisha msomee ulichoandika: "Daktari, nimeelewa hivi, ni sawa?" Kama ana haraka, omba ruhusa ya kurekodi sauti yake kwa simu. Jioni lisome daftari kwa sauti, na kesho asubuhi tena. Waliopita chuoni wanajua nguvu ya kudurusu: jambo hukaa kwa kurudiwa, na hukaa zaidi likipita mdomoni na sikioni.

Kuna mtego wa saa unaotuhusu hasa sisi wasema Kiswahili. Kadi ya kliniki imeandikwa 8:00, simu yako inaonyesha 8:00, na mdomo wako unasema saa mbili. Kichwa kikiwa kizima tafsiri hiyo hufanyika bila kuhisi. Kikiwa na ukungu, mgonjwa hufika saa nane mchana akakuta kliniki imefungwa. Andika kwa maneno kamili: "Jumatano, saa mbili asubuhi." Fanya vivyo hivyo na bahasha za dawa. Mfamasia anaandika 1x3 na wewe unabaki kupiga hesabu. Kama ameagiza kila baada ya saa nane, andika "kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku", kisha tega kengele ya simu kwa kila saa.

Ukimeza dawa, weka alama palepale, glasi ya maji ikiwa bado mkononi. Ukisema utaweka baadaye, saa moja ijayo utabaki umesimama mbele ya kabati ukijiuliza. Na ukiwa huna hakika kama umemeza, usibahatishe wala usimeze viwili kufidia. Piga simu hospitali uulize. Kwa dawa za saratani kosa la namna hii si dogo. Zipo zinazomezwa mara moja tu kwa wiki, na zikimezwa kila siku huwa sumu.

Daftari lina faida nyingine. Kila jioni andika neno moja tu kuhusu kichwa chako: chepesi, kizito, au ukungu. Mizunguko mingi ya kemo huja kila baada ya siku 21, na ukishapita mizunguko miwili au mitatu utaiona ramani yako. Huenda siku tano za mwanzo ni za ukungu na wiki ya tatu mambo hufunguka. Ukiijua ramani hiyo, kikao cha shule, mahesabu ya duka na safari ya benki utavipeleka wiki ya tatu.

Nyumba nayo ikumbuke

Mabibi zetu walifunga fundo kwenye pindo la kanga: ndani yake pesa ya chumvi, na fundo lenyewe likawa mjumbe wa kuwakumbusha. Hekima ni ileile. Funguo, miwani, simu na kadi ya hospitali viwe na mahali pamoja, kikapu kimoja karibu na mlango, na visilale kwingine. Kitu unachotaka kutoka nacho kesho kiweke juu ya viatu vyako usiku huu.

Jikoni ndiko kwenye hatari kubwa. Ukitoka kidogo sufuria ikiwa motoni, toka na mwiko mkononi. Hutaweza kukaa sebuleni na mwiko bila kujiuliza umeushikia nini. Ukizima gesi, sema kwa sauti, "Nimezima gesi." Neno lililotamkwa hukumbukwa kuliko tendo lililofanywa kimyakimya. Jiko la mkaa lisilale ndani: moshi wake usioonekana huua, na hata kabla ya kuua huleta maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa ambako utadhani ni kemo.

Wanaotoka mikoani kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando kule Mwanza, mara nyingi hufikia kwa ndugu. Mionzi huwa ya siku tano kwa wiki na huweza kuchukua wiki kadhaa, na mji mgeni hukizidishia kichwa mzigo. Kwenye daftari andika mtaa, kituo cha kushukia daladala, alama iliyo karibu (msikiti, shule, mti mkubwa) na namba ya mwenyeji. Pita njia ileile kila siku hata kama ipo ya mkato.

Pesa na sahihi

Matapeli wa simu hawana huruma na mgonjwa. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyekumbuka vizuri kama aliahidi hela au la. Jiwekee sheria: hutumi pesa yoyote siku unayoombwa, mpaka umpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Namba ya siri usiiandike kwenye daftari unalotembea nalo. Kama lazima iandikwe, ikae nyumbani mahali pa siri, na mtu mmoja unayemwamini ajue mahali hapo.

Michango ya kikoba, ada na madeni yahamie kwenye ukurasa wake, kila malipo na tarehe. Kuuza kiwanja, kudhamini mkopo au kusaini karatasi yoyote nzito kungoje siku nyepesi, na kuwe na shahidi wa upande wako. Mwenye haraka ya kukusainisha siku ya ukungu, haraka yake ni kwa faida yake.

Jambo moja, kisha lingine

Redio inasema, mtoto anauliza, simu inalia, na wewe unakata vitunguu. Zamani uliyamudu yote. Kwa sasa zima redio, mwambie mtoto asubiri, kata vitunguu. Anayezungumza nawe mtazame usoni, na kama umepoteza uzi mwambie, "Hebu rudi nyuma kidogo, sijakupata." Jina likigoma, salimia kwa cheo: shemeji, mwalimu, mama wa watoto. Kiswahili kimetupa vyeo vya kutosha kumheshimu mtu huku jina lake likiwa njiani.

Kazini gawanya kazi kubwa vipandevipande, na kila kipande ukikimaliza kikate kwa kalamu. Fundi cherehani apime mara mbili na aandike kipimo kabla ya kushika mkasi. Mwenye duka afunge hesabu mchana badala ya usiku. Mwalimu amwombe mwenzake apitie alama kabla hazijatoka. Dereva wa bodaboda au wa gari, siku ya ukungu asikae kwenye usukani. Hili halina mjadala. Kama kuna mkuu wa kazi unayemwamini, mweleze mapema na uombe jambo mahususi: maagizo yaje kwa maandishi, au zamu ya asubuhi badala ya jioni. Ombi dogo hukubaliwa haraka kuliko malalamiko makubwa.

Mwili ubebe sehemu yake

Kutembea ni miongoni mwa mambo machache yanayopunguza uchovu wa saratani, na uchovu ukipungua akili hutulia. Anza na dakika 10 wakati jua halijakali, ongeza kidogokidogo, na daktari akiridhia ufike dakika 30 kwa siku tano za wiki. Lala na uamke saa zilezile. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, vinginevyo utauibia usiku. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, simu ilale chumba kingine. Kunywa maji na kula kidogokidogo mara nyingi, hata kama uji ndio pekee unaopita.

Akili nayo ipewe kazi ya kufurahisha kuliko mtihani. Cheza bao na mjukuu: kuhesabu kete na kuona shimo la mbele ni mazoezi ya makini yasiyoitwa mazoezi. Suka ukili, fuma kitambaa, soma ukurasa mmoja umsimulie mtu. Ukichoka, acha, kesho kete zitakuwepo.

Kwenu mnaomuuguza

Maneno "si nilikwambia jana?" yafungieni kabatini mpaka matibabu yaishe. Hayarudishi kilichosahaulika, na humfundisha mgonjwa kuficha. Mwambieni tena kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sentensi fupi, jambo moja moja. Msimjibie kwa daktari akiwa ameketi hapohapo; kaeni naye, andikeni, na mumwachie mdomo wake. Msimpime mbele ya wageni kwa "haya, huyu ni nani?" kama mtoto wa chekechea.

Mchague mtu mmoja wa kuweka kumbukumbu, wifi, kaka au binti mkubwa, anayejua dawa zote na miadi yote. Wakiwa sita kila mmoja hudhani mwenzake amempa dawa, au wawili wanampa kwa wakati mmoja. Na habari mbaya au ugomvi wa ukoo usipelekwe kitandani siku tatu za mwanzo baada ya dripu.

Sijda mbili

Turudi kwenye ile rakaa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, anayetia shaka kama amesali tatu au nne hushika tatu, akaongeza moja, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Sala yake haivunjiki. Mkristo anayesali rozari naye hatumii akili kuhesabu Salamu Maria; vidole vinatembea juu ya punje, na moyo unabaki huru kuomba. Waliotutangulia walijua binadamu atasahau hata mbele ya Muumba wake, wakatengeneza njia ya kuendelea bila kumwaibisha. Daftari lako ni la ukoo huohuo.

Litunze hata matibabu yakiisha. Itapita miezi, na siku moja utalifungua ukute wiki nzima haina kitu, kwa sababu hukuwa na haja ya kuandika. Usishangilie mno, maana ukungu unaweza kurudi siku ya uchovu. Geuza ukurasa, andika tarehe, na chini yake neno lako moja la jioni: chepesi.